Palahala Asiyepigwa Msasa

Barke binti Badi alikuwa na mdomo, na hakuna aliyemsingizia. Pale Chaani, Changamwe, watoto wakicheza mpira karibu na kamba yake ya nguo walikuwa wakisikia komeo la mlango wake tu, wameshatawanyika. Hata Stambuli, mumewe, kuli wa bandarini, alipomwacha kwa ajili ya mwanamke wa Kisauni, aliileta talaka kwa mkono wa nduguye, maana mwenyewe aliogopa kufika. Barke aliipokea, akamwambia huyo ndugu: "Mwambie ahsante. Na kanzu yake aliyoiwacha hapa n'tadekia." Na akadekia kweli.

Hiyo ilikuwa mwaka 1984. Alibaki na binti mmoja, Tima, na chumba cha kupanga, na jiko ambalo siku nyingine halikuwashwa. Jirani yake Philister, mwanamke wa Kikamba, ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwenye banda la wachongaji karibu na Magongo. Huko wanaume walikaa chini juu ya vipande vya magogo, tezo mkononi, wakiwatoa wanyama katika miti, na wanawake wakaegemea ukuta wa mabati wakiwapiga msasa wanyama hao mpaka walainike, kisha wakawapaka rangi ya viatu. Barke alikuwa mwanamke wa pwani peke yake humo. Wenzake walizungumza Kikamba kutwa nzima, naye alikaa katikati yao kama aliyealikwa harusini asimjue bwana wala bibi.

"Kanuni ni moja," Philister alimwambia siku ya kwanza. "Usiache alama ya tezo. Mnunuzi akipitisha kidole kikakwama, kazi inarudi, na mchongaji analaumiwa. Ukiona mkato, sugua mpaka uishe."

Barke aliishika kanuni hiyo kama alivyoishika Alhamdu. Baada ya miaka michache ncha za vidole vyake zilisagika hata mistari ikafutika, lakini kwa kuhisi hakuna aliyemfikia. Angefumba macho akapapasa shingo ya twiga, akakwambia ni wapi tezo liliteleza.

Katika banda lile kila mchongaji alikuwa na mnyama wake. Wa twiga alichonga twiga, wa kifaru alichonga kifaru, na mtu hakumvamia mnyama wa mwenziwe, kama usivyoweza kuingia shamba la jirani ukavuna. Kioko alikuwa wa palahala. Palahala ni wa jamii ya swala, lakini usimfikirie swala yule mdogo wa kurukaruka. Huyu ni mnyama mkubwa, mabega mapana, manyoya ya shingo yamesimama, na pembe ndefu zenye pete zimepinda kurudi mgongoni. Dume lake ni jeusi tititi, na tumbo jeupe pepepe. Wako katika milima ya Shimba, ile ile iliyoonekana nyuma ya banda asubuhi kukiwa kweupe, ng'ambo ya maji ya Port Reitz.

Wanunuzi hawakumjua sana. Walitaka tembo, walitaka twiga, na pembe za palahala zilivunjika njiani kabla hajafika kokote. Wenzake walimtania Kioko wakimwambia amejichagulia mnyama wa hasara. Yeye alicheka tu. Marehemu babake alikuwa askari wa wanyama huko Shimba, na Kioko alimjua palahala kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

"Nikichonga twiga, nachonga kuni," alisema. "Huyu namkumbuka."

Na alikuwa fundi. Gogo la mpingo lina moyo mweusi, na pembeni mwa moyo, chini ya gome, lina mti mweupe ambao wachongaji wengi huuchanja wakautupa. Kioko aliligeuza gogo, akaliangalia, akaligeuza tena, hata akapata namna ya kuufanya ule weupe uangukie tumboni. Palahala wake alitoka mweusi mgongoni na mweupe tumboni bila tone la rangi. Barke alipokabidhiwa wa kwanza alimweka mapajani, akamtazama, akasema, "Mashallah." Banda zima liligeuka, maana hawakuwahi kumsikia akisifu kitu. Tangu siku hiyo Kioko hakumpa mwanamke mwingine kazi yake.

Mwaka 1989 chama cha wachongaji kilikodi lori, kikawapeleka wote Shimba wakawaone kwa macho wanyama waliokuwa wakiwachonga. Tembo hawakuwaona. Walitapika kwenye kona za Kwale, wakala mihogo yao, wakanyeshewa. Baadaye, lori likishuka kuelekea bonde moja la majani, Kioko alimgusa Barke begani.

"Mama Tima. Pale."

Dume la palahala lilikuwa limesimama peke yake kwenye mteremko, jeusi, limelowa, mvuke ukipanda mgongoni. Halikukimbia. Liliinua kichwa, zile pembe zikakaribia kugusa mgongo, likawatazama kama mwenye nyumba anayewatazama watu waliokosea mlango. Barke alishika ubao wa lori kwa mikono miwili. Hakujua kwamba kitu alichokipiga msasa miaka yote ile kilikuwa na pumzi.

"Mbona yuko peke yake masikini?" aliuliza.

"Ndivyo walivyo. Dume akishakuwa mkubwa ana mahali pake, anakaa hapo. Hawafuati majike kuwasumbua. Anangoja. Wakipenda, watapita kwake."

"Na wasipopita?"

"Basi anangoja."

"Mwanamume mjinga huyo," alisema Barke, na Kioko akacheka mpaka akajifuta macho, ingawa huenda yalikuwa maji ya mvua. Njia nzima ya kurudi mabega yao yaligusana kwa mtikisiko wa lori, na hakuna aliyesogea. Pale ndipo Barke alipompenda. Tuseme tu, maana yeye mwenyewe hakulisema, si siku hiyo wala baada yake. Angesemaje? Yeye ni mwanamke aliyeachwa, wa watu wa pwani, mwenye binti wa madrasa. Yule ni mseja wa bara anayekwenda kanisani Jumapili, amepanga chumba Bofu, Likoni, na kila siku anavuka feri aje kazini. Mdomo uliomtisha Stambuli ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia mbele ya Kioko.

Kioko naye alikuwa na maswali ya ajabu. Siku moja alimuuliza, macho yakiwa kwenye tezo: "Hivi, Mama Tima, mtu wa bara akitaka kusilimu anaanzia wapi?"

"Aanze kwa kuwacha mnazi, maana huo hauingii naye msikitini."

Watu walicheka, na mambo yakaishia hapo. Lakini mwezi ule Kioko aliacha kunywa mnazi. Barke alipoona hivyo alidhani ni tumbo, akamletea maji ya tangawizi. Akili za watu wawili wazima hizo.

Mwaka 1990 Kioko alimletea palahala mzuri kuliko wote waliotangulia. Barke alimgeuza, akaona mkato tumboni, katikati ya ule weupe, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Alishangaa, maana Kioko hakuwa mtu wa kuteleza. Akachukua msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, akausugua mpaka ukaisha, akampeleka palahala stoo na wenziwe. Mwaka uliofuata akaletewa mwingine, na mkato mahali pale pale. Safari hii hakunyamaza.

"Kioko! Tezo lako limekuwa butu ama macho ndiyo yamekuwa butu?"

Banda zima likaacha kazi. Kioko alimtazama kidogo, kisha akasema polepole, "Labda ni mkono umetetemeka, Mama Tima."

"Basi uutulize. Mimi n'takuwa nafuta makosa yako mpaka lini?"

Alisugua huku akiona raha moyoni, kwa sababu angalau alikuwa amepata neno la kumwambia. Mikato haikuja tena baada ya hapo. Kioko aliendelea kumpa kazi yake na kumwamkia kila asubuhi, lakini kitu kilikuwa kimejikunja ndani yake, na Barke alilala na kuamka akijiuliza amemkosea nini. Hakumuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na aibu ya mwanamke aliyeachwa.

Miaka ikaenda hivyo, miaka mizima, wakikaa hatua chache baina yao. Tima akamaliza shule, akapata kazi ya kushona. Kioko akaota mvi za masharubu. Barke alikuwa na zoea moja ambalo hakumwambia mtu: kila akimaliza palahala, kabla ya kumpeleka stoo, alimweka mkononi kidogo, akimshika pale mikono ya Kioko ilipomshika.

Agosti mwaka 1997 Likoni iliwaka. Watu wa bara walitolewa majumbani mwao, wakapigwa, wakachomewa vyumba, wengine wakauawa. Kioko alifika bandani na shati alilolivaa na tezo lake, basi. Chumba chake cha Bofu kilikuwa kimeungua na kila kilichokuwamo. Barke alimwona akiingia, akatamani ardhi ipasuke. Wale waliofanya hayo walisema Kiswahili chake, na hilo lilimchoma kana kwamba ameushika mwenge kwa mkono wake.

"Kioko, wallahi sina la kusema."

"Si wewe, Mama Tima," alimjibu. "Wewe kaa."

Alilala bandani siku chache. Watalii walikuwa wameshakimbia, kazi hakuna, lakini yeye alitafuta gogo la mwisho la mpingo lililokuwapo akachonga kutwa nzima bila kuinua kichwa. Alipomaliza alimletea Barke yule palahala mikononi, akamshikisha.

"Huyu usimharakishe," alisema.

"Kwani kuna anayemngoja? Wanunuzi wenyewe wako wapi?"

Kioko alitaka kusema jambo. Alipangusa vumbi la mpingo viganjani. Kisha alimpa mkono, akaondoka na wenzake kwenda kupanda basi la Machakos. Barke alibaki amesimama na palahala kifuani hadi Philister alipomwita.

Hakumpiga msasa. Si kwamba alijua lolote. Ni kwamba mnyama akishalainishwa huenda stoo, na akienda stoo huuzwa, na hicho kilikuwa kitu cha mwisho mikono ya Kioko ilichokigusa. Alimpeleka nyumbani, akamweka juu ya kabati na makovu yake yote ya tezo, akamfunika kwa kitambaa cha kufumwa asiingie vumbi. Alimkumbuka Kioko asubuhi akisukuma mabati ya banda, alimkumbuka mchana akisikia tezo la mtu mwingine. Kukiwa kweupe alitoka nyuma akaitazama milima ya Shimba, hata vijana wakawa wanamuuliza kama ana shamba huko.

Siku ya Idd, mwaka uliofuata, Philister alikuja kula pilau. Alikaa kwenye kiti karibu na kabati, akafunua kile kitambaa kwa udadisi wake. Alipomwona palahala alimshusha, akamgeuza juu chini. Uso wake ukabadilika.

"Barke," alisema. "Kumbe ulikubali?"

"Nilikubali nini?"

"Huu mkato." Alimwonyesha. Ulikuwapo pale pale, katikati ya ule weupe, mdogo kama ukucha wa mtoto. Katika makovu mengi ya tezo Barke hakuwa ameubagua.

"Mkono umemtetemeka tena," alisema Barke, lakini sauti yake ilikuwa imeshaanza kuogopa.

Philister aliketi vizuri, akamweleza. Mzee aliyelianzisha lile banda aliwawekea desturi. Mchongaji akimtaka mwanamke wa bandani hamwambii kitu. Humwachia mkato tumboni mwa mnyama wake, mahali asipopaona mnunuzi. Mwanamke akimweka mnyama huyo bila kumpiga msasa, amekubali, na mambo ya wazee yanaanza. Akimpiga msasa, amekataa, na hakuna atakayelitaja tena, ili asiwepo wa kuona haya, kwa sababu kesho wote wanarudi kukaa banda moja. Philister mwenyewe aliolewa hivyo.

Barke alikuwa ameshika mwiko wa pilau. Aliuweka chini.

"Mimi nani aliniambia?"

"Tulidhani unajua. Kila mtu alidhani mwenzake amekuambia. Tulikuwa tukilisema mbele yako kila siku."

"Kwa Kikamba, Philister! Mulilisema kwa Kikamba!"

Philister alimlaza palahala mapajani.

"Na weye mwenyewe ulinifunza mkato ni aibu. Ulinambia nisugue mpaka uishe."

"Ulisugua, Barke," alisema Philister kwa upole. "Ile mara ya pili Kioko alikaa akikutazama. Ulisugua kwa nguvu, na ukamgombeza juu yake. Mpaka sisi tulimwonea huruma. Lakini kwetu aliyekataa haulizwi."

Barke aliingia chumbani akafunga mlango. Alilia kilio cha mtu aliyejiibia mwenyewe. Alikumbuka swali la kusilimu, akakumbuka mnazi ulioachwa, na maji ya tangawizi. Akakumbuka msasa wa kukwaruza ukila ule mkato, na raha aliyoiona moyoni. Mficha uchi hazai, na hawa wawili walikuwa wameficha kwa pamoja, mmoja kwa desturi na mmoja kwa haya.

Alitaka kupanda basi siku ile ile. Lakini aende kwa watu asiowajua akasemeje mlangoni? Krismasi ilipokaribia Philister alikuwa anakwenda kwao, na kwao na kwa kina Kioko ni kijiji kimoja. Barke alimfunga palahala kwa kanga yake ya kisutu, akamkabidhi.

"Mpe mkononi. Usimwambie maneno mengi, atazame tumboni mwenyewe. Kisha umwambie Barke hakuujua, na huu hakuusugua."

"Nikuletee jibu gani?"

"Lolote atakalonambia. Hata akinitukana."

Zile siku za kungoja alikuwa mwanamke mwingine. Watoto wa mpira walivunja kioo cha dirisha lake, akawaambia wacheze taratibu. Tima alimuuliza kama anaumwa. Alinunua udi, akaupanga rafuni, akajiambia ni wa Ramadhani.

Philister alirudi katikati ya Januari. Barke alimwona akiingia uani na ile kanga mkononi, imefungwa vile vile, na kabla hajasalimia moyo wake ulikuwa umeshajua. Philister alikaa, akamfungulia.

Palahala alikuwa amepigwa msasa. Shingo, mabega, pembe pete kwa pete, vyote vimelainishwa kwa kazi ya mtu asiye na haraka. Barke alimgeuza. Tumbo lilikuwa jeupe, tupu, laini kama yai.

"Alioa mwezi wa nne," alisema Philister. "Mjane wa jirani, ana watoto wadogo. Nilimweleza yote. Alicheka kwanza, akasema, 'Tangawizi!' Kisha hakucheka. Akaomba msasa. Alikaa nje akamsugua siku nzima, hata chakula mkewe alimletea pale pale, na hakuna aliyemsemesha. Aliponipa alisema: mwambie Mama Tima hakuna wa kuona haya."

Maji yakimwagika hayazoleki, na Barke hakujaribu kuyazoa. Alimshukuru Philister, akamwekea chai, akamuuliza habari za mvua za huko kwao. Kesho yake alikwenda kazini. Tangu hapo kila mnyama aliyepewa alimgeuza kwanza, na akiona mkato aliuliza kwa sauti banda zima lisikie, "Hii ni alama au ni kosa?" Wachongaji vijana walikufa kwa kicheko. Yeye hakucheka, na hakuanza kusugua mpaka ajibiwe.

Palahala hakumpeleka stoo. Alirudi juu ya kabati, na jioni, Barke akishamaliza kuswali magharibi, alimshusha akamlaza mapajani kichwa chini, akapitisha kidole gumba kwenye ule weupe wa tumbo. Jicho halikuona kitu. Lakini msasa hula mti wa pembeni mwa mkato mpaka mkato usawazike, na mahali pale hubaki pamebonyea kidogo, unene wa unywele mmoja, na kidole kilichosagika kwa kazi hiyo hakidanganyiki. Palikuwapo. Na kama palikuwapo hapa, basi palikuwapo pia kwa wale wawili aliowasugua yeye, popote pale walipo, juu ya makabati ya watu wasiojua.

"Mama," Tima alimuuliza jioni moja akimtazama mlangoni, "kila siku wamsugua huyo. Si ameshalainika?"

"Bado," alisema Barke, na kidole hakukiondoa.